Mlango wa Mwanahija

Kale, wajukuu zangu! Jibuni: Ilikuwako.

Kale ya kale! Ilikuwako.

Ilikuwako kabla babu wa babu zenu hajaota meno, kabla jogoo na jua hawajapatana nani amwamshe mwenziwe. Zama hizo palikuwa na mji ukiitwa Vumbeni. Endeleeni kumenya kunde zenu, mikono ifanye kazi na masikio yafanye kazi, nami nitawapa habari kwa mpango wake, la kwanza likiwa la kwanza na la mwisho likiwa la mwisho.

Vumbeni ulikuwa mji wa fimbo. Haukuwa na ngome, haukuwa na mizinga, haukuwa na askari wa kukodi. Ulikuwa na uwanja. Uwanja ule ulifagiliwa kila alfajiri na kunyunyizwa maji ili vumbi lilale, na jua lilipochomoza watoto wa mji, wake kwa waume, walikwenda pale kujifunza fimbo. Sasa yanipasa niwaeleze kwanza desturi yao, kwa maana asiyeijua desturi hataielewa hadithi, na mimi si mtu wa kuezeka nyumba kabla ya kusimamisha nguzo.

Desturi yenyewe ilikuwa hii. Wazee wa mwanzo walikuwa wameonja dhuluma ya mtu mmoja aliyejua kupiga na kukinga pia. Mtu huyo hakumhitaji mwenziwe, na kwa kuwa hakumhitaji mtu, hakumwonea mtu haya. Walipokwisha kumwondoa, kwa taabu na kwa vilio, wakakata shauri kwamba elimu ya fimbo isikae tena yote katika mwili mmoja. Wakaigawa mafungu mawili. Mtoto alipofikia umri wa kutumwa kisimani peke yake, fundi alimwangalia anavyotembea, anavyotua mtungi, anavyojitetea akichokozwa, kisha akampa fungu lake. Huyu akapewa pigo, huyu akapewa kinga. Mwenye pigo akaunganishwa na mwenye kinga, wakaitwa jozi, na jozi ilikuwa jozi mpaka kaburini. Aliyempoteza mwenziwe hakuungwa na mwingine. Fundi peke yake, kwa kiapo, ndiye aliyeruhusiwa kuwa na mafungu yote mawili.

Na jozi ilipiganaje? Tazameni vidole vyangu. Mkingaji husimama kushoto na fimbo ndefu, mpigaji husimama kulia na mpweke, yaani fimbo fupi nene. Pigo la adui likija, mkingaji hulipokea. Hashindani nalo kwa nguvu, hulilegeza. Akishalilegeza, hulielekeza chini. Kisha huvuta mguu wa kulia nyuma na kulikunja bega, ili upande wake wa kulia ubaki wazi kabisa. Uwazi huo waliuita mlango. Mkingaji hufungua mlango, na mpigaji hupita mlangoni humo, akafika kwa adui kabla adui hajainua fimbo mara ya pili. Pokea, legeza, elekeza, fungua. Semeni nami: pokea, legeza, elekeza, fungua. Naam, mngefaa Vumbeni.

Basi katika mji huo alikuwako binti mmoja jina lake Mize, mtoto wa Shaame mchoma chokaa. Mize alipewa kinga. Jirani yao, ukuta kwa ukuta, alikuwako binti wa makamo yake akiitwa Mwanahija, naye alipewa pigo. Fundi Ngwali, mzee wa uwanja, akawaunganisha wakiwa wadogo, na tangu siku hiyo hawakuitana tena kwa majina. Kila mmoja alimwita mwenziwe somo.

Walikua pamoja. Asubuhi uwanjani, mchana katika kazi za mama zao, jioni uwanjani tena. Walikimbia mchangani wakiwa na mawe ya chokaa vichwani ili shingo zikomae. Walisimama kwa mguu mmoja mpaka mapaja yakatetemeka, na wa kwanza kuanguka alimsuka mwenziwe nywele. Mwanahija ndiye aliyeanguka kila mara, kwa sababu hakuweza kusimama asicheke, na kwa hiyo Mize alikuwa na nywele nzuri kuliko msichana yeyote mjini. Lakini mpweke ulipokuwa mkononi, kicheko kilikoma. Fundi Ngwali alizoea kusema kwamba wapigaji wengi hupita mlangoni kama ng'ombe waliochelewa zizini, ila Mwanahija hupita kama mgeni aliyealikwa. Na kabla ya kupita alikuwa na desturi yake: huvuta pumzi kwa meno, sss, fupi, kama mtu aliyeonja ukwaju. Kwa sauti hiyo Mize alijua wakati wa kufungua. Hakuhitaji kugeuka kumtazama.

Akaja mposaji. Alitoka Magunda, mji wa bara ulio ng'ambo ya nyika, mfanyabiashara wa chumvi, mtu mwema asiye na kasoro ya kusimulia. Wazazi wakaridhika, Mwanahija akaridhika, harusi ikafungwa. Siku ya kuondoka, msafara wa chumvi ukiwa umekwisha kujitwika mizigo, Mwanahija alitoka katika kundi la wanawake, akaja uwanjani alikokuwa Mize. Walisimama kama walivyozoea, mmoja kushoto na mmoja kulia, wakitazama mbele.

"Somo," alisema Mwanahija, "siku ya mwaka nitakuja. Usifunge."

"Sifungi," alijibu Mize.

Hayo tu. Msafara ukaondoka, na Mize akabaki na upande wa kulia ulio wazi.

Mnanifuata? Haya. Siku ya mwaka, pale Vumbeni, ilikuwa siku ya kuukoga mwaka mpya. Watu walioga baharini asubuhi, wakavaa nguo safi, wakakusanyika uwanjani, na Fundi Ngwali aliita jozi zote kwa majina, moja baada ya moja, nao waliitika wawili wawili. Mwaka wa kwanza, jozi ya Mize na Mwanahija ilipoitwa, Mize aliitika peke yake. Wabeba chumvi walikuwa wameleta habari kwamba mwenziwe amejifungua na hawezi kuvuka nyika na mtoto mchanga. Mize alifurahi, akatuma ubeleko, nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Mwaka wa pili aliitika peke yake tena, na safari hii wabeba chumvi hawakuwa na habari yoyote. Kisima cha katikati ya nyika kilikuwa kimekauka, njia ikahamia mbali kusini, na watu wa Magunda wakawa hawaonekani tena sokoni.

Na sheria ya uwanja ilikuwa hivi: aliyekosa mwenziwe siku za mwaka tatu mfululizo huiweka fimbo yake mikononi mwa fundi, na jozi yao haiitwi tena.

Mwaka mzima uliofuata Mize alifanya mazoezi peke yake. Kila alfajiri, kabla ya watoto kuja, alisimama upande wa kushoto wa uwanja. Alipokea pigo lisilokuwapo, akalilegeza, akalielekeza, akafungua. Alipofungua alingoja kidogo. Katika kungoja huko alimwona mwenziwe akipita: mguu wa kushoto unatangulia, nyonga inageuka kabla ya bega, kiwiko kiko karibu na ubavu, mpweke unatoka chini na kupanda. Aliona hata kidole kidogo cha Mwanahija kilichokuwa hakikunjiki vizuri. Mpaka alipokwisha kumwona amepita na kurudi mahali pake, ndipo alipofunga na kuanza upya. Hamu ilimfundisha subira, na subira ikaizidisha hamu, nayo haikupungua kwa mazoezi kama uchovu wa mwili unavyopungua.

Jambo hilo likaingia katika maisha yake yote. Kisimani alisimama kushoto, akaacha nafasi ya mtu kulia. Njiani alitembea ukingoni. Kitandani alilala pembeni hata akaanguka. Watu wakaanza kumcheka. Alikuwako kijana mmoja mpigaji hodari, jina lake Vuai, aliyekuwa na ulimi mwepesi kuliko mpweke wake. Kila alipompita Mize njiani alisogea kando kwa heshima kubwa na kuusalimu upepo uliokuwa kulia kwake, akiuuliza hali ya mtoto na mume. Wenziwe walicheka. Mize naye wakati mwingine alicheka, kwa kuwa alisikia raha mtu kulitaja jina la Mwanahija hata kwa mzaha.

Shangazi yake, Bi Mkasi, hakucheka. Huyu alimpenda kwa mapenzi yanayogomba. Alimshauri aiweke fimbo kabla hajalazimishwa, aolewe, apate watu wa kujaza hiyo nafasi yake. "Mwanangu," alimwambia, "mlango ulio wazi siku zote huingiza kuku."

Mize aliichukua fimbo yake akarudi uwanjani. Alikuwa amesema "sifungi", na neno hilo lilikuwa kitu cha mwisho walichokuwa nacho wawili.

Ikafika siku ya mwaka ya tatu. Mize hakwenda kuoga na watu. Alisimama mwisho wa mji penye njia ya bara mpaka jua likapanda, na njia ikabaki njia. Kisha akaenda uwanjani. Zumari lilipulizwa, ngoma ikafuata, Fundi Ngwali akaita majina. Alipofika kwao, sauti yake ilishuka.

"Mize na Mwanahija."

"Mize yupo," aliitika.

Fundi alinyoosha mikono miwili, viganja juu, kuipokea fimbo. Mize hakuitoa. Akasema anaiomba haki ya zumari.

Watu walinung'unika, maana haki hiyo walikuwa wakiisikia tu. Sheria iliruhusu kwamba anayetakiwa kuweka fimbo anaweza kuomba asimame peke yake mbele ya jozi kamili kwa muda wa wimbo mmoja wa zumari. Wimbo ukiisha naye yu wima na fimbo i mkononi, jozi yake itaitwa mwaka mmoja zaidi. Ikimtoka fimbo, au akipiga goti, yamekwisha. Tangu mji ulipojengwa hakuna aliyesikika kuishinda. Fundi Ngwali alimtazama sana, kisha akamwita Vuai na mwenziwe Mcha, kwa sababu ndio waliokuwa bora, na kumpa Mize jozi dhaifu kungekuwa kumtukana.

Vuai aliingia akiwa na uso wa harusi. Akajipangusa viganja, akamwuliza Mize kama leo pia atampisha mgeni wake, au pana nafasi yake yeye. Watu wakacheka kidogo, si sana. Zumari likaanza.

Pigo la kwanza Mize alilipokea, akalilegeza, akalielekeza, akafungua. Na hapakuwa na mtu wa kupita. Vuai akapita yeye. Mpweke ukamwangukia Mize begani. Pigo la pili alilipokea vizuri zaidi, akalilegeza, akalielekeza, akafungua, Vuai akampata ubavuni. Tazameni hapo, watoto, palipo na msiba wake. Kinga yake haikuwa na upungufu. Hapakuwa na pigo aliloshindwa kulipokea. Alichopigwa nacho kila mara kilipita pale pale alipopafungua mwenyewe, kwa sababu mwili wake haukujua kinga isiyoishia kwa kumpisha Mwanahija.

Vuai aliacha kutania. Alipompata pajani alimnong'oneza, "Funga, Mize. Funga tu, nitakuchezea mpaka wimbo uishe."

Uwanja mzima ukachukua neno hilo. Funga, walisema wazee. Funga, walisema watoto wa jana. Na sauti ya Bi Mkasi, iliyopasuka, ilikuwa juu ya zote. Kufunga kulikuwa rahisi, mtoto wa juzi angeweza. Ni kutouvuta mguu nyuma, basi. Akifunga atasimama mpaka mwisho, ataipata haki ya kumngoja Mwanahija mwaka mzima mwingine. Lakini akifunga atakuwa amemfungia. Mize aliyajua hayo yote mawili kwa wakati mmoja, damu ikiwa mdomoni na fimbo ikiteleza kwa jasho, na pigo jingine lilikuwa linakuja.

Akalipokea. Akalilegeza. Akalielekeza. Akafungua.

Ndipo aliposikia, sss, fupi, kama mtu aliyeonja ukwaju. Moyo wake ukaruka kulia. Na kabla hajatambua kwamba pumzi ile imetoka katika meno yake mwenyewe, mguu wake wa kushoto ulikuwa umekwisha kutangulia, nyonga imegeuka kabla ya bega, mikono imeikamata fimbo ndefu kwa ufupi kama mpweke, kiwiko ki karibu na ubavu, na fimbo inatoka chini na kupanda. Alipita katika mlango alioufungua, na Mcha, asiyetarajia pigo kutoka kwa mkingaji, hakuwahi kukinga. Fimbo ikasimama mbele ya paji la uso la Vuai, karibu kiasi kwamba nywele zake ziliigusa.

Zumari likanyamaza. Wimbo ulikuwa bado, mpulizaji ndiye aliyeishiwa pumzi.

Vuai hakusogea. Macho yake tu yaligeuka kuitazama fimbo, kisha mkono ulioishika.

"Hilo ni la Mwanahija," alisema polepole. "Nalijua. Lilinitoa jino."

Hapakuwa na aliyecheka. Mkingaji alikuwa amepiga. Mafungu mawili yalikuwa yamekaa katika mwili mmoja, jambo ambalo mji ulijengwa ili lisitokee tena. Wazee wakasimama. Wapo waliotaka fimbo ivunjwe hapo hapo, wapo waliotaka avushwe mpaka wa mji kabla ya jua kuchwa, na mmoja alidai kwamba msichana huyu amejifunza pigo kwa siri akiwakejeli wote. Fundi Ngwali aliwaacha wamalize. Kisha akamkaribia Mize, aliyekuwa bado ameiinua fimbo kana kwamba amesahau namna ya kuishusha.

"Mwanangu, nani amekufundisha?"

"Hakuna, Fundi," alisema Mize. "Nilikuwa namkumbuka tu."

Mzee aliishusha ile fimbo kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akawageukia wazee wenziwe, akasema kwa utaratibu: "Sheria yetu ilimwogopa asiyemhitaji mtu. Mtazameni huyu. Nimwogope kwa lipi?"

Wakamtazama. Mize alikuwa akilia bila kuficha uso, na hata katika kulia alikuwa amerudi kushoto akaacha nafasi. Wazee wakaketi, mmoja baada ya mmoja.

Lakini sheria haikuondolewa. Fundi alimweleza wazi, mbele ya watu, kwamba njia zipo mbili. Anaweza kuapa kwamba hatapiga tena maishani, naye atabaki mkingaji, na kwa kuwa amesimama mpaka zumari lilipokoma, jozi yake itaitwa mwaka ujao kama alivyoomba. Au anaweza kuapa kiapo cha ufundi, awe na mafungu yote mawili kwa halali na kuufundisha mji baada yake. Ila fundi hana jozi. Akiapa hivyo, jina la Mwanahija na jina lake hayataitwa pamoja tena.

Mize aliitazama njia ya bara. Alikuwa ameomba mwaka mmoja, na mwaka huo alikuwa nao mkononi.

"Miaka hii nimekuwa nikimngoja njiani," alisema mwishowe. "Leo, alipopita, nilikuwa naye katika mkono. Nitaapa kiapo cha ufundi."

Fundi Ngwali akaomba jambo moja, nje ya sheria: kwamba jozi iitwe mara ya mwisho. Akaiita. Mize akaitikia jina lake, na liliposemwa la pili, akaliitikia na hilo.

Najua mtakaloniuliza. Mwanahija alirudi? Walionisimulia hawakusema, nami siongezi. Ninalolijua ni hili. Mize aliishi akawa mzee, akaufundisha mji wa Vumbeni kwa miaka mingi, na nafasi ile ya kulia haikukaa tupu tena, maana kila asubuhi palikuwa na mtoto amesimama hapo. Alikuwa mwalimu mpole, asiyepaza sauti. Ila mara kwa mara, msichana mpigaji alipopita vizuri mlangoni, Mize alisema, "Hivyo hivyo, Mwanahija." Msichana huyo huenda aliitwa Mwache, au Kazija, au jina jingine lolote. Naye aliitika, na hapakuwa na aliyemsahihisha mwalimu.

Basi shikeni fundisho, wajukuu zangu. Mpendwa akiondoka, msimwekee nafasi tu, maana nafasi tupu huingiza mapigo. Jifunzeni alilokuwa akilifanya, mlifanye kwa namna yake. Hamu haitakwisha, siwadanganyi kwamba itakwisha, lakini itapata kazi.

Hapa hadithi imetua mzigo wake. Kilicho kizuri ndani yake ni chenu, mgawane bila kugombana. Kilichoharibika ni changu, niachieni. Nayo kale, tuliyoitoa usingizini, tuifunike ilale.